Feni ya Oveni Haimwibii Mtu Umeme

Oveni imezimwa tena ukutani. Sisemi imezimwa pale mbele, kwenye kitufe chake cha kuzungusha, ambako waliokiunda chombo hiki walikusudia kizimwe. Nasema imezimwa kwenye ile swichi kubwa nyekundu iliyo juu ya kaunta, ambayo imewekwa kwa ajili ya dharura na matengenezo, na ambayo katika nyumba yangu huzimwa kila baada ya mapishi kwa moyo uleule wa kufunga bomba linalovuja. Jioni dada wa kazi akaiwasha, akamwingiza kuku, akazungusha kitufe hadi nyuzi 200, akaona taa ya ndani imewaka, akaridhika na kwenda zake kuanua nguo. Mimi nimeingia na tai yangu shingoni, nikiwa nimeahidiwa kwa simu kwamba nikifika nitakula, nikamkuta kuku amelala kwenye trei na baridi yake ileile aliyotoka nayo kwenye friji, huku sifuri nne zikiwaka na kuzima kwenye kioo cha saa.

Wenye oveni za kujengewa ndani ya kabati wanazifahamu sifuri hizo. Nyingi za aina hii, zile zenye saa ya kielektroniki, umeme ukikatika na kurudi hazikubali kupasha moto mpaka kwanza ziambiwe ni saa ngapi. Taa itawaka na feni huenda ikavuma, lakini moto hautakuja. Wala chombo chenyewe hakina haja ya ukweli: ukikiambia ni alfajiri wakati watu wako mezani wanakula chakula cha usiku, kitaridhika na kuanza kazi. Kinachotaka ni heshima ya kuambiwa tu, na mimi, ambaye katika nyumba hii siambiwi chochote, nakielewa kabisa.

Aliyezima swichi namfahamu, na kwa bahati mbaya ndiye mtu pekee chini ya paa hili ambaye siwezi kumwinulia sauti. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu mchanga. Mjukuu huyo sasa yuko darasa la kwanza. Ni mama mwema, mcha Mungu, na mwenye masikio makali kupita kiasi. Oveni ikishazimwa kwa kitufe, feni yake ya kupozea huendelea kuvuma kwa dakika kadhaa, wakati mwingine kwa nusu saa ikiwa palikuwa na moto mkali, na mvumo huo humfikia mama hata akiwa chumba cha mwisho ameketi juu ya msala. Atamaliza dua zake, atakuja jikoni taratibu, ataitazama oveni kwa huruma kwa niaba ya mfuko wangu, kisha atabonyeza ile swichi nyekundu. "Mkwe wangu, ilikuwa ingali inakula yuniti," huniambia, na husimama akisubiri kushukuriwa.

Nami hushukuru. Ningefanya nini? Mtu hasimami mbele ya mkwewe kumsomesha habari za kupoza mitambo. Lakini ninyi si wakwe zangu, kwa hiyo nitasema. Oveni hii imezungukwa na mbao za kabati pande zote, na juu ya mlango wake, nyuma ya vitufe, kuna saa na nyaya ambazo hazikuumbwa kukaa karibu na nyuzi 250. Feni ile huvuta hewa ya kawaida na kuusukuma nje ule moto uliobaki, ili kabati lisikauke na kupasuka na saa isiungue. Umeme inaoutumia haufikii hata ule wa balbu ya zamani ya wati 60, ilhali elementi zenyewe zikiwaka kwa pamoja huvuta kilowati mbili, tatu na ushee. Kwa hiyo mama anapoiokoa senti, anauacha moto wote ufungiwe ndani ya kabati, na papo hapo anaifuta saa, na saa ikifutika kuku wangu haivi.

Nilimwomba mke wangu amweleze mama yake. Mke wangu alinitazama, akaniambia kuwa mama yake ameoka tangu kabla mimi sijajua kula kwa mkono wangu mwenyewe. Na hilo ni kweli. Mama huyu hupika mkate wa kumimina juu ya jiko la mkaa kwa kupalia makaa juu na chini, bila kipimajoto wala saa, na mkate hutoka na rangi moja kila upande. Nilipomwonyesha ile alama ya mstari juu na mstari chini kwenye kitufe cha oveni, alicheka akasema, "Kumbe ni kupalia tu." Alielewa upesi kuliko fundi yeyote. Tatizo ni kwamba kwa mkaa, mtu akimaliza hupakua makaa na habari ikaisha. Jiko la mkaa halijawahi kuendelea kuvuma baada ya kuagwa.

Nimemtaja fundi, na afadhali nimseme sasa kabla hasira haijapoa. Mwezi uliopita palitokea jambo hilihili la sifuri nne nikiwa safarini, na nyumba nzima ikakubaliana, kwa kura ambayo sikushirikishwa, kwamba oveni imekufa. Aliitwa fundi. Nilirudi nikamkuta amekwisha kufika pamoja na kijana wake, ambaye kazi yake pekee ilikuwa kumulika kwa tochi ya simu, na hata hiyo alikuwa akiifanya huku akisoma ujumbe. Fundi alikuwa na testa, plaisi na tepu nyeusi, na uso wa daktari anayetafuta namna ya kuanza. "Mzee," aliniambia, "elementi imekwenda." Nilimuuliza ameipima kwa kitu gani. Akasema hizi akiziona tu anajua.

Kabla sijavua viatu walikuwa wamefungua skrubu za pembeni zinazoishikilia oveni kwenye kabati, wakaanza kuivuta nje kwa kuushika mpini wa mlango. Kijitabu cha maelezo, ambacho katika ukoo huu nimekisoma mimi peke yangu, kinakataza jambo hilo kwa maandishi mazito, kwa sababu chombo chenyewe kina kilo 30 na zaidi na bawaba za mlango hazikutengenezwa kuubeba uzito huo. Niliwaambia washike pembeni. Fundi akasema, "Usijali, mkubwa." Ninapoambiwa nisijali na mtu aliyeshika mali yangu, moyo wangu huenda mbio. Nikauliza kama wamezima umeme. Fundi akamtazama kijana, kijana akamtazama fundi. Ile swichi nyekundu, ambayo mwaka mzima huzimwa pasipo sababu, siku hiyo moja ambayo sababu ilikuwepo ilikuwa imewashwa. Niliizima mwenyewe kwa mkono wangu, nikaenda pia kuangusha kikata umeme kwenye boksi la ukutani, nikarudi nikiwa nimelowa jasho.

Hapo ndipo fundi alipoanza kuleta fikra zake. Alitazama waya wa oveni akasema ni mnene bila maana, kwamba angeukata, afunge plagi ya kawaida, nami niwe nachomeka kwenye ekstensheni ya friji, "ili hata ukihama uende nayo." Nilijikaza, nikamwambia kwa lugha ya mtu aliyesoma kwamba oveni hii kwa ujumla wake huvuta wati 3,500, kwamba ukizigawa kwa volti 230 unapata zaidi ya ampea 15, kwamba plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13, na kwamba ndiyo maana chombo hiki kina waya wake, njia yake na kikata umeme chake, visivyochangiwa na friji, pasi wala feni ya sebuleni. Fundi alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba hizo fyuzi za plagi yeye huzitoa na kuweka kipande cha waya, kwa maana ndizo zinazosumbua wateja.

Jamani. Mtu anatoa kitu pekee kinachosimama kati ya familia ya watu na moto, kwa sababu kinasumbua! Nilikaa kwenye kiti. Nilitaka kusema neno zito lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akimwita fundi "mwanangu" na kumwongezea kitumbua.

Binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyemaliza kesi. Oveni ilipokwisha kurudishwa mahali pake na umeme kuwashwa ili fundi atuonyeshe jinsi elementi ilivyokufa, binti alipita kwenda kuchukua maji ya kunywa, akaziona zile sifuri, akabonyeza kitufe chenye picha ya saa, akaweka saa, akaendelea na safari yake. Baada ya dakika chache joto likaanza kutoka. Fundi hakutahayari hata kidogo. Alisema, "Umeona, mzee, ilihitaji kutingishwa," akadai shilingi 30,000 za kufungua na kufunga, na nikalipa, kwa kuwa kijana wake alikuwa bado ameshikilia skrubu moja ambayo hawakukumbuka ilitoka wapi. Hawajafika getini feni ikaanza kuvuma, na mama akaja taratibu, akabonyeza swichi nyekundu.

Laiti yangekuwa hayo tu. Seremala aliyetengeneza kabati aliziona zile nafasi za hewa zilizoachwa nyuma na chini akadhani ni kazi isiyokamilika, akaziziba kwa ubao mzuri uliopigwa vanishi, na ikabidi nimlipe tena azifungue. Baba mwenye nyumba, ambaye siku ya kunipangia kodi aliitaja oveni kabla ya kutaja maji, balbu yake ilipoungua aliniletea balbu ya sebuleni, ilhali balbu ya oveni ni ya pekee, imeandikwa nyuzi 300, na hubadilishwa umeme ukiwa umezimwa na kuta za ndani zikiwa zimepoa. Watoto wangu huufungua mlango na kuuegemea, wa mwisho hata ameonekana ameukalia. Taulo ya mikono imepata makazi ya kudumu kwenye mpini, mahali ambapo moto ukiwaka ni yenyewe itakayotangulia kunusa.

Na sufuria! Kila nyumba yenye oveni katika mji huu inaitumia kama kabati la sufuria, na sitaki kusikia mtu akikana. Ndani ya yetu hukaa vikaango, mifuniko ya hotipoti, na makopo ya aiskrimu ambayo hayajaona aiskrimu tangu siku yalipofunguliwa. Wiki iliyopita shemeji yangu alikuja kutuokea keki, akaipasha oveni moto mapema kama inavyotakiwa, bila kufungua kutazama kuna nani ndani. Plastiki iliyoyeyuka kwenye waya wa rafu haitoki kwa maneno matamu. Ilibidi tufungue madirisha yote, tungoje ipoe kabisa, kisha tuibandue vipande vipande kwa kijiko cha mbao.

Usafi wenyewe una mambo yake. Zipo oveni zinazojisafisha kwa kujipasha hadi karibu nyuzi 500 huku mlango umejifunga, uchafu wote ukageuka majivu ya kupangusa kwa kitambaa. Yetu si ya daraja hilo, yetu husafishwa na binadamu. Nimeomba, nimeandika karatasi nikaibandika kwa gundi, kwamba ndani hupakwa magadi ya kuokea yaliyokorogwa kwa maji kidogo, yakae usiku kucha, yapanguswe asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Ile dawa kali ya kunyunyiza huunguza ngozi na koo, na haipulizwi oveni ikiwa na joto. Kioo cha mlango hakisuguliwi kwa waya wa sufuria, maana michubuko hiyo midogo ndiyo inayokidhoofisha mpaka siku kikapata moto na kupasuka. Karatasi yangu ipo. Chini yake, kwenye ndoano, umetundikwa waya wa sufuria.

Halafu kuna ile fasheni ya kutandika foili sakafuni mwa oveni ili mafuta yasidondoke. Chini ya sakafu hiyo ndiko iliko elementi. Foili huuzuia moto usipande, rangi ya kauri ikaharibika, na mkate ukabaki mweupe chini. Mafuta yanayodondoka hupokewa na trei ya chini, ndiyo kazi yake, kisha huondolewa kabla ya mapishi mengine, kwa kuwa mafuta ya juzi ndiyo yanayofuka moshi leo na kuwaka kesho. Na yakiwaka, mlango haufunguliwi na maji hayamwagwi: unazima, unauacha mlango umefungwa, moto unakosa hewa na kufa wenyewe. Nimewakusanya wote sebuleni nikawaeleza haya. Shemeji aliuliza kama naweza kusogea kidogo, nilikuwa nimeikinga televisheni.

Nimetaja trei ya chini, lakini kwa kweli hatuna trei ya chini. Oveni ilikuja na trei mbili na rafu moja ya waya. Trei ya kina kirefu iliazimwa na jirani kwa ajili ya shughuli ya ubarikio, na shughuli hiyo ilikwisha, mwali akaolewa, na picha tukatumiwa. Katika mojawapo ya picha hizo trei yangu iko mbele kabisa, imebeba ndizi na matikiti. Juzi nimeiona juu ya ukuta wa jirani huyohuyo, imeanikiwa dagaa. Nikiifuata mwenyewe nitakaribishwa chai, nitaulizwa hali ya mama mkwe, na nitatoka bila trei na nikiwa nimeazimisha ile ya pili, kwa hiyo kesho nitamtuma binti wa darasa la tano, ambaye hana haya na anajua kubonyeza mahali panapostahili.