Jogoo wa bibi na majike wa Gombe

Bibi yangu wa Mwamgongo hakuwa na masihara na jogoo. Kila baada ya miaka miwili hivi alimfunga miguu, akamtia kwenye tenga, akampandisha boti hadi Kibirizi, na kutoka hapo akapelekwa Ujiji kwa mdogo wake. Tenga lilirudi na jogoo mwingine. Mwaka mmoja akaghairi, maana alikuwa na jogoo mwekundu aliyempenda mno. Msimu wa pili mayai viza yakawa mengi kuliko vifaranga, na vifaranga wawili wakaanguliwa na vidole vilivyopinda. Mjomba akasema ni mdondo. Bibi akamkatalia palepale: "Mdondo unaua, haupindi vidole. Huyu ameshakuwa baba yao na babu yao."

Bibi hunijia akilini kila ninapoulizwa kuhusu Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu swali huwa ni lilelile: sokwe wamebaki wangapi? Jibu si siri, hawafiki 100. Miaka ya 1960, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipokuwa ameanza kazi yake pale, walikadiriwa kuwa kama 150. Lakini mimi naona swali lenyewe limekaa upande. Mfugaji yeyote wa Kigoma angeuliza kwanza: damu mpya inaingilia wapi?

Hifadhi yetu ni ndogo. Nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 35, ukanda mwembamba kati ya ziwa na kilele cha milima. Humo ndani kuna makundi matatu: Mitumba kaskazini, Kasekela katikati na Kalande kusini, na Kalande ndiyo imepungua vibaya zaidi. Sasa, desturi ya sokwe ni kama ya wazee wetu: dume hubaki kwao na jike huolewa mbali. Akishapevuka, makalio yakavimba na kuwa mekundu, huo uvimbe ndio pasipoti yake. Anavuka mpaka peke yake, na madume wa ugenini, ambao wangemrarua dume mgeni, wanampokea. Majike wenyeji ndio humsumbua. (Mawifi ni mawifi.)

Kule Mahale, hifadhi kubwa kuliko Gombe kwa zaidi ya mara arobaini, karibu majike wote huhama. Kasekela wapo wengi wanaobaki palepale walipozaliwa, wakizungukwa na kaka, wajomba na baba wasiomjua kuwa ni baba. Angehamia wapi? Ana majirani wawili tu, na mmoja wao anafifia.

Wenyewe wanajitahidi. Jike akifuatwa na kaka yake hupiga kelele na kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa vinasaba vya sokwe hawa hawa, ulionyesha kwamba wanaozaa pamoja huwa wametofautiana kinasaba kuliko ambavyo ingekuwa kama wangeokotana tu. Wanatambuaje, harufu au sura, hilo ni lao. Ila uchaguzi unahitaji wa kuchaguliwa. Frodo, dume aliyewahi kuitawala Kasekela, alizaa na Fifi, mama yake mzazi, na kilichofichua jambo hilo ni vipimo vya vinasaba. Kichanga hicho kilikufa. Kimoja hakithibitishi kitu, maana vichanga vya sokwe hufa vingi, lakini mimi habari hiyo ilinikaa.

Kuzaana ndugu kwa ndugu hakuleti balaa siku moja. Kila kiumbe amebeba kasoro kadhaa za vinasaba zilizofunikwa, kwa kuwa nakala aliyopata kwa mzazi wa pili ni nzima. Baba na mama wakiwa wa damu moja, nakala mbili mbovu hukutana na kasoro inatoka nje. Simba wa kreta ya Ngorongoro wanalijua hilo. Mwaka 1962 mainzi waumao waliwashambulia hadi wakabaki wachache sana, na kizazi kilichofuata kilitokana na simba kama 15 tu, na baada ya hapo wa nje wakashindwa kuingia kwa miaka mingi. Baadaye madume wakakutwa na mbegu nyingi zenye kasoro. Kule Florida, Marekani, paka wakubwa wa porini waitwao puma walifikia hatua ya kuwa na mikia iliyopinda na korodani zisizoshuka. Mwaka 1995 wakaletewa majike wanane kutoka Texas, idadi ikapanda tena.

Kwa sokwe, tenga la bibi silitaki. Kuwabeba ni kubeba na magonjwa yao, na mgeni aliyeshushwa kwa boti mahali asipopachagua anaweza kuuawa kabla hajazaa. Tena hatuhitaji tenga. Jike anajua njia, sisi ndio tumeilima. Kati ya Gombe na misitu ya mashariki na kaskazini kuelekea Burundi kuna mihogo, michikichi, kahawa ya Kalinzi na nyumba za bati. Vijiji kadhaa vimekwisha kutenga misitu ya hifadhi ya kijiji katika mipango ya matumizi ya ardhi, na kwangu vipande hivyo vina thamani kuliko geti lolote jipya la watalii. Ushoroba, yaani njia ya kupitia, wa jike mmoja hauhitaji kuwa mbuga. Mmoja akipita na kuzaa katika kila kizazi, anafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Najua nitakachojibiwa kijijini, na ni haki yao. Huyo huyo Frodo, mwaka 2002, alimnyakua mtoto mchanga wa binadamu ndani ya hifadhi akamuua. Mwenye mtoto mgongoni hatakuelewa ukimwimbia vinasaba. Kwa hiyo sisemi sokwe wapitishwe uani kwa watu. Nasema korongo na vilele visivyolimika vizuri viachwe viote miti, na kijiji kinachoviacha kilipwe kila mwaka, kwa tarehe inayojulikana. Kifuta jasho cha kuombwa kwa fomu, mahindi yakiwa yameshaliwa, hakijawahi kumfanya mtu aipende miti.

Mwezi uliopita binamu yangu alinipandisha kwenye msitu wa kijiji chao, saa nzima ya kupanda juani. Akasimama akanyoosha panga kuelekea juu. Matawi yalikunjwa na kusukwa kama ungo, majani bado mabichi. Kiota kimoja tu cha sokwe, pembeni hamna kingine. Akaniambia mwezi wa nane walitaka kuukata mti ule kwa ajili ya mkaa. Kisha akashusha panga, tukakaa chini yake tukala mihogo.