Nia ya dereva haisomwi kwenye indiketa pekee

Kuna watafiti wanaofundisha magari yanayojiendesha kutabiri nia ya madereva wengine, nami nawaunga mkono kabisa. Wanaosema ni kupoteza fedha wakumbuke yaliyotokea Mountain View, California, Februari 2016. Gari la Google lilikuwa likikwepa mifuko ya mchanga iliyowekwa kuzunguka tundu la mtaro. Likaanza kurudi katikati ya njia taratibu, huku basi linakuja nyuma. Kompyuta ililiona basi vizuri tu, ikakisia kwamba litapunguza mwendo na kuliachia gari njia. Halikupunguza, wakagongana ubavuni. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Sisi madereva husomana kwa vitu vidogo: shingo inayogeukia kioo cha pembeni, tairi za mbele zilizoanza kukata kona, gari linalosogea kidogo kabla ya indiketa kuwashwa (na wengine hawaiwashi kabisa!).

Ombi langu kwa watafiti: msiishie kwenye simuleta (mashine ya kuigiza udereva). Mtu anayejua anapimwa huendesha kwa adabu kuliko akiwa barabarani amechelewa kazini. Na waenda kwa miguu je? Tempe, Arizona, Machi 2018, gari la majaribio la Uber lilimtambua mama aliyekuwa akivuka akisukuma baiskeli sekunde zaidi ya 5 kabla ya kumgonga na kumuua. Programu ikawa inayumba, mara ni gari, mara ni baiskeli, mara kitu kisichojulikana, na kila ilipobadilisha jibu ilianza upya kukisia anaelekea wapi.