Njaa ya Kusi na Njaa ya Korona

Mwezi Mei mwaka 2020, Kaunti ya Kilifi ilipokuwa bado imefungwa kwa sababu ya korona, kwa amri ya tarehe 8 Aprili iliyozuia watu kuingia na kutoka, simu zilianza kupigwa kwa kaya za pande zote za Kenya kuuliza watu wanaishi vipi. Shirika la Kitaifa la Takwimu, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, liliazimia kuzirudia kaya zilezile kila baada ya miezi miwili hivi, ili ijulikane nani amepoteza kazi, nani amepunguza mlo, nani amekopa na nani ameuza mali. Nambari nyingi zilitokana na kaya zilizokwisha kuhojiwa katika utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16, na nyingine zilipigwa kwa kubahatisha. Swali ninalolipima hapa ni kama njia hii ingeweza kutueleza ukweli kuhusu nyumba za Malindi na Lamu.

Faida yake kubwa ni kwamba dhiki haisimami mahali pamoja. Tuwazie nyumba ya mpishi wa hoteli mjini Malindi. Ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa tarehe 25 Machi, kazi yake ilikoma, lakini mwezi huo alikuwa na akiba kidogo na zamu yake ya mchezo, yaani fedha wanazochangiana wenzake kwa zamu, ilikuwa karibu. Mwezi wa Mei mchezo ulikuwa umevunjika kwa kuwa wenzake nao hawakuwa na cha kuchanga, na nyumba iliishi kwa deni la dukani. Mwezi wa Agosti ndege zilirejea, lakini mwenye duka alikuwa ameshaifunga daftari yake, na bangili za mke zilikuwa zimeuzwa. Mtu angeihoji nyumba hiyo mara moja tu, mwezi wa Machi, angeandika kwamba inajimudu. Angeihoji Agosti, angeikuta katika ufukara bila kujua kwamba ilifika huko kwa hatua, na kwamba kwenye kila hatua palikuwa na nafasi ya kuikinga na hatua iliyofuata. Kurudia ndiko kunakoonyesha mpangilio huo: akiba huliwa kwanza, kisha deni, kisha mali, na mwisho mlo wa watoto. Serikali inayotaka kujua ni lini itume fedha haiwezi kupata habari hiyo kwa njia nyingine iliyo nyepesi zaidi, hasa wakati ambapo kubisha hodi mlangoni kungeweza kuleta ugonjwa.

Wanaoipinga njia hii huanza na simu yenyewe, na wana haki. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta kwamba asilimia 47.3 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa na simu ya mkononi. Ni kweli kwamba simu moja hutosha nyumba nzima, lakini simu hiyo mara nyingi iko mfukoni mwa baba, naye ndiye anayejibu ni nani aliyelala na njaa jikoni asikofika. Isitoshe, nyumba inayoiuza simu yake, au inayokosa hata shilingi za kuichaji, hutoweka kwenye orodha wakati uleule ambao hali yake imekuwa mbaya zaidi. Watakwimu hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuzipa uzito zaidi kaya zilizosalia zinazofanana na zile zilizopotea, lakini hesabu hiyo inasimama ikiwa tu kufanana huko ni kwa kweli. Lamu ina tatizo jingine la ziada, nalo ni udogo wake: watu 143,920 kwa sensa hiyohiyo, kati ya zaidi ya milioni 47. Tuseme kaya zinazopigiwa simu ni 4,000; zikigawanywa nchini kwa uwiano wa watu, Lamu yote, kuanzia Mkomani hadi Kizingitini na Kiunga, ingeangukiwa na kaya kumi na mbili hivi. Hakuna anayeweza kusema neno la maana kuhusu kaunti kwa kaya kumi na mbili.

Hata hivyo, kasoro ninayoiona kubwa kuliko hizo haitajwi sana, nayo inahusu kalenda. Awamu ya kwanza ilifanyika kusi, msimu wa pepo kali za kutoka kusini, ikiwa imeshaingia. Kila mtu wa mwambao anajua kwamba katika miezi hiyo bahari huchafuka, mashua ndogo hazivuki mwamba, samaki hupungua sokoni, na mama karanga, wanawake wakaanga samaki, hukaa na karai tupu. Ndiyo miezi pia ambayo baadhi ya hoteli za Malindi hufunga kila mwaka, ugonjwa uwepo au usiwepo, zikingoja wageni wa Julai na wale wengi zaidi wa kaskazi, msimu wa pepo za kutoka kaskazini. Basi, awamu za mwisho wa mwaka zikionyesha nafuu, nafuu hiyo ni ya nini? Inaweza kuwa amri zimelegezwa, inaweza kuwa kaskazi imeingia na jarife, nyavu za wavuvi, zimeanza kujaa. Kurudia simu mara tano ndani ya mwaka mmoja hakutenganishi mambo hayo mawili, kwa sababu kila mwezi umeonekana mara moja tu.

Kuna jingine lililonifikirisha sana. Mwaka huo Ramadhani ilianza mwishoni mwa Aprili na ikaisha kama tarehe 23 Mei, yaani simu za mwanzo ziliwakuta Waislamu wa pwani wamefunga. Maswali ya njaa kwa kawaida huuliza kama mtu mzima wa nyumba aliruka mlo katika siku saba zilizopita. Swali likisomwa lote, pamoja na maneno “kwa kukosa fedha”, jibu litakuwa sawa. Mhoji mwenye haraka akiyaruka maneno hayo matatu, mji mzima utaandikwa kuwa na njaa. Na kinyume chake pia ni hatari, kwa kuwa mwezi huo ndio wa futari za msikitini na sadaka za jirani, ambazo huificha dhiki ya nyumba kwa siku thelathini na kuiacha wazi baada ya Idi.

Kwa hiyo siungani na wanaosema tafiti hizi ziachwe, wala na wale wanaoziamini kama zilivyo. Kaunti ya Kilifi yenyewe ina mfano ulio karibu: tangu mwaka 2000 watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika eneo linaloizunguka hospitali ya Kilifi, tena na tena kila mwaka, wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Nguvu ya kazi hiyo ni kwamba haikungoja balaa ndipo ianze. Mwaka mbaya ukija, miaka ya kawaida iko tayari kwenye daftari ya kuulinganisha nao. Tafiti za simu zilianza moto ukiwa unawaka, na kipimo chake cha hali ya kabla kilikuwa kumbukumbu ya mhojiwa, aliyeulizwa alikuwa akipata kiasi gani mwezi wa Februari.

Lipo pia lawama la watu wanaoulizwa, nalo si la kitaalamu. Mtu huulizwa mara ya kwanza amekula nini akajibu kwa adabu, mara ya pili akajibu kwa tumaini, na mara ya tatu akauliza majibu yake ya mwanzo yalikwenda wapi. Anayechoka hufupisha majibu yake, hasa akishagundua kwamba kila “ndiyo” huzaa maswali mengine manne. Wanaotetea utafiti husema kwamba kumpa msaada anayehojiwa kungeharibu kipimo, kwa sababu angeacha kuwa mfano wa wenzake. Hoja hiyo ninaielewa, lakini hainizuii kudai kwamba matokeo yarudishwe kwa Kiswahili kwa watu walioyatoa, kwa redio na kwenye baraza za wazee, kabla ya simu inayofuata. Na simu inayofuata ipigwe Malindi na Lamu katika kusi ya kawaida, mwaka usio na kafyu wala ugonjwa, kwa kaya za kutosha kila kaunti, mara moja ikipokewa na mume na mara nyingine na mke.