Shikamoo ya Deni

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ni kuhakikisha misumari iliyoingia ndiyo iliyotoka. Kama haikutoka basi ipo, na kama haipo basi kuna mtu ataeleza. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba aibu ninayoisimulia haikumpata mtu asiyejua hesabu.

Mpwa wangu ana miaka 13. Ni mtoto wa dada yangu wa Tabata, ana adabu ya kupitiliza, hapiti mbele ya mtu mzima bila kuinama. Ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo wa Pokémon. Si ile ya kuzurura porini unakamata viumbe na kuwalea, la. Yeye anacheza Showdown, programu ya bure ya kwenye intaneti ambako unapanga kikosi cha sita, unawajaza kila kitu kwa mkono wako mwenyewe, halafu moja kwa moja vitani.

Pambano letu la kwanza nilichagua kikosi kwa kuangalia sura. Nilitaka wenye moto na mabawa. Nikampanga Charizard, nikampanga Moltres, nikaendelea hivyo hivyo mpaka sita wakatimia, nikahisi nina jeshi la anga. Mpwa wangu akaanza kwa kutawanya mawe upande wangu. Basi tu, mawe. Kumbe mwenye moto na mabawa kwa pamoja, kila akiingia uwanjani yale mawe yanamla nusu ya uhai kabla hajafungua mdomo.

"Samahani anko," akasema.

Nikamtoa Charizard, nikamwingiza Moltres. Nusu.

"Pole anko."

Kushindwa na mtoto nilikuwa nakuweza. Kilichoniuma ni zile pole. Alizitoa kwa huruma ya kweli, kama mtu anayekuona umeangusha sahani ya pilau msibani. Ndipo mdomo wangu ukanitangulia: "Nipe wiki tatu. Tutacheza wawili kwa wawili, na atakayeshindwa atampa mwenzake shikamoo."

Mtoto akashtuka. "Anko, hiyo haifai."

"Unaogopa kushindwa?"

"Namwogopa mama."

"Mama hatasikia."

Akakubali, huku anaangalia mlango.

Nikanunua daftari kubwa, kaunta buku la kurasa nyingi, nikaanza kusoma. Na hapo nikagundua kwamba mchezo huu uliumbwa kwa ajili yangu. Kila Pokémon ana pointi 510 za mazoezi za kugawa katika nguvu, ulinzi, kasi na kadhalika, na sehemu moja haivuki 252. Ana tabia, moja kati ya 25, na nyingi ya hizo zinaongeza upande mmoja asilimia kumi na kupunguza mwingine asilimia kumi. Ana kipaji kimoja, kifaa kimoja cha kushika, mapigo manne. Hii ni leja! Unajaza 252 kwenye nguvu, 252 kwenye kasi, zinabaki sita. Nne unaziweka kwingine, mbili hazina pa kwenda wala kazi. Pointi mbili zinaning'inia. Sijui wengine wanalala vipi. Mimi usiku wa kwanza niliamka saa nane kujaribu kuzitafutia mahali.

Halafu nikakutana na habari ya Sejun Park wa Korea Kusini. Mwaka 2014 alichukua ubingwa wa dunia, na kikosini mwake alikuwemo Pachirisu, kakindi keupe ambako watu wazima walikuwa hawakaangalii mara mbili. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwaita maadui wampige yeye, wenzake wafanye kazi kwa raha. Nikaelewa somo vibaya kabisa. Park alikuwa na sababu ya kumweka yule kindi. Mimi nikaelewa kwamba bingwa ni yule anayemchukua kiumbe anayedharauliwa. Nikaanza kumtafuta wa kwangu.

Nikampata Slaking.

Mtazame mwenyewe: dude kubwa lenye manyoya, limejilaza ubavu, limeegemeza kichwa mkononi kama mzee anayesubiri chai. Ila namba zake! Nguvu ya kupiga 160. Zote kwa jumla 670, sawasawa na Groudon, ambaye ni wa kuogopwa na kupewa hadithi. Mbona hatumiwi? Kwa sababu ya kipaji chake, Truant, yaani utoro. Zamu hii anafanya kazi, zamu inayofuata anapumzika. Hivyo hivyo mpaka afe.

Nikajisemea, huyu shida yake si nguvu, ni utoro tu, na utoro unatibika. Kuna pigo la kubadilishana vipaji. Nitamweka pembeni yake Bronzong, kengele kubwa ya chuma yenye macho, ambaye kipaji chake ni kuelea. Bronzong atabadilishana na Slaking, utoro utamwendea kengele, na Slaking atakuwa mfanyakazi wa kila siku. Kisha Slaking atapiga Tetemeko. Tetemeko linampiga kila aliye uwanjani isipokuwa mpigaji. Adui, rafiki, halichagui. Lakini Bronzong anaelea, ardhi itatikisika chini yake yeye yuko juu, salama. Nikaandika ukurasa wa kwanza: BRONZONG ANAELEA, TETEMEKO HALIMGUSI. Ukurasa wa nne nikaandika: BRONZONG AMPE SLAKING KIPAJI CHAKE. Nikapiga mstari chini ya zote mbili kwa rula.

Kama wewe umeshaliona kosa, hongera. Mimi sikuliona kwa wiki tatu, na sikukijaribu kikosi hata mara moja kwa kuogopa siri isivuje.

Siri yenyewe ilivuja, ila nyumbani kwangu. Tunaishi na mdogo wake mke wangu, kijana mzuri tu, amekuja mjini kutafuta kazi na tangu afike ameitafuta zaidi kwenye kochi la sebuleni. Jioni moja narudi, namkuta mke wangu amekaa kitandani na kaunta buku langu mapajani, macho mekundu. Akanisomea mwandiko wangu mwenyewe, taratibu:

"'Mvivu. Nguvu anazo nyingi kuliko wote lakini hafanyi kazi siku mbili mfululizo. Muda mwingi amelala ubavu. Atafutiwe mtu wa kumtoa uvivu. Ikishindikana, aondolewe.'"

Akafunga daftari. "Kama umemchoka mdogo wangu, si ungeniambia tu, mume wangu? Mpaka umwandikie ripoti?"

"Huyo si yeye. Huyo ni Slaking."

"Umempa na jina!"

Nikatoa simu nimwonyeshe picha. Nawaambia ukweli, ile picha haikunisaidia. Kochi, mkono, kichwa, kila kitu kilifanana.

Shemeji naye alikuwa amesikia, kuta zetu ni nyembamba. Jumatatu akaamka alfajiri akafagia uwanja wote. Jumanne akalala. Jumatano akaosha vyombo mpaka sufuria za ukoko. Alhamisi akalala. Nilikaa nikimtazama kwa heshima ya kitaalamu.

Jumapili ya pambano ikafika. Nilifika kwa dada kama saa sita. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Morogoro, yuko uani anachambua mchele, nami nikapita mbio mbio na simu mkononi, kichwa kimejaa namba. Wali ukaliwa. Dada akaenda kujilaza. Mimi na mpwa wangu tukabaki sebuleni, kila mtu na simu yake, pazia la mlango wa uani linapepea.

Mimi: Slaking na Bronzong. Yeye: Lucario, yule mbweha anayesimama kwa miguu miwili, na Corviknight, kunguru mkubwa aliyevaa chuma, kana kwamba kunguru wa Dar hawatoshi.

Zamu ya kwanza nilikuwa na mpango safi. Slaking ajikinge ili asiumizwe, wakati huo huo Bronzong abadilishane naye kipaji. Nikabonyeza kwa kidole cha mtu anayesaini mkataba. Slaking akajikinga. Kunguru akaita upepo wa kuwaongezea kasi. Lucario akamng'ata Bronzong, uhai ukashuka nusu nzima. Kisha Bronzong akamgeukia Slaking ambadilishie kipaji, na Slaking akajikinga dhidi yake!

"Imekuwaje?"

"Anko, ukijikinga unajikinga na wote. Hata na mwenzako."

"Hata anayekuletea dawa?"

"Hata huyo. Pole anko."

Zamu ya pili Slaking alikuwa mapumzikoni. Siku yake ya kulala. Bronzong akabadilisha kipaji, safari hii ikakubali, na Slaking, lile dude zima, kwa mujibu wa maandishi akaanza kuelea. Mpwa wangu hakunigusa. Aliutumia ule muda wa mapumziko yangu kumchezesha Lucario ngoma ya mapanga, ambayo inamwongezea nguvu ya kupiga mara mbili. Mtoto alikuwa ametulia kama mganga.

Zamu ya tatu. Nikaviringisha mikono ya shati. Kwa hesabu ya vidole, kumbe hii ilikuwa zamu ya Slaking ya kufanya kazi hata kama angebaki mtoro, lakini hilo nililiwaza baadaye kwenye daladala. Wakati ule nilikuwa na neno moja tu kichwani. Nikabonyeza Tetemeko.

Lucario akajikinga.

Kunguru yuko angani, ardhi haimhusu.

Slaking mwenyewe ni mpigaji, tena sasa anaelea bila sababu yoyote.

Simu ikatikisika mkononi, picha ikayumba. Kati ya wanne waliokuwa uwanjani, tetemeko likampata mmoja tu: kengele ya chuma, ambayo kipaji chake cha kuelea kilikuwa kimehamia kwa jirani zamu iliyopita, kwa idhini yangu, kwa maandishi, na mstari wa rula chini yake. Na chuma, nilikuja kuambiwa, kikipigwa na ardhi kinaumia mara mbili. Bronzong akazima.

Nikaganda. Macho yakanionyesha ukurasa wa kwanza na ukurasa wa nne vikiwa pamoja. Mali moja nimeiandika pande mbili za leja na zote nimezijumlisha kama ninazo. Kijana wa mazoezi akinifanyia hivyo ofisini namrudisha chuo.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Mpwa wangu akainamisha kichwa. "Nilijua alipoanza kuelea yule mkubwa. Lucario ana upepo, ana ngoma, ningeweza kummaliza zamu hii hii anko. Lakini nikasema ngoja nione kama kweli utapiga." Akameza mate. "Samahani."

Yaliyofuata hayana maelezo. Lucario akamshukia Slaking ana kwa ana, pigo moja. Wangu waliobaki wakaingia na kutoka kama wateja waliokosea duka.

Ukimya ukatanda. Feni inazunguka. Mtoto akaweka simu mezani kifudifudi, akaanza kuchunguza ukucha wake wa kidole gumba.

"Anko, tuache tu. Ulikuwa utani."

Nilishawishika, sikatai. Lakini nimeajiriwa miaka kumi na mmoja kuwakumbusha watu wazima madeni yao, na huyu nilimwita mwoga mbele ya mlango huu huu. Nikasimama. Nikaangalia mlango wa chumba cha dada: umefungwa. Nikashika kifua, nikainamisha kichwa kidogo, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Shikamoo!"

"Marahaba mwanangu!" ikajibu sauti kutoka nyuma ya pazia la uani. Mama akatokea na ungo mkononi. "Ndiyo umekumbuka leo? Tangu saa sita umeingia hapa unanipita kama nguzo ya umeme. Nikasema, huyu mjini pamemharibu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Na simama hivyo hivyo kila siku ukimsalimia mtu. Umeona, mjukuu wangu? Mwige mjomba wako."

"Ndiyo, bibi," akasema mpwa wangu, mkono mdomoni, mabega yakitikisika kuliko tetemeko langu.

Nikaaga mapema. Kwenye daladala, tunakaribia Buguruni, simu ikalia. Ujumbe kutoka namba ya dada, lakini mwandiko niliutambua kwa adabu yake: "Shikamoo anko. Umefika salama? Ile shikamoo ya leo imepokelewa na bibi. Ya kwangu bado. Samahani sana."