Muuguzi wa Zamu Mpe Sura Moja Kwanza

Muuguzi anayeshuka mlima wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, asubuhi, ametoka zamu ya usiku na anawahi daladala, hana saa tatu za kusoma. Ana dakika 20, na macho mazito. Mkutubi akimkabidhi kitabu cha kujiendeleza The 7 Habits of Highly Effective People kwa kuwa kinasifiwa kila mahali, kitalala mkobani wiki mbili, kisha kirudi kikiwa na alama kwenye ukurasa wa 15. Aliyekosea hapo ni aliyependekeza.

Msimamo wangu ni kwamba maktaba ya hospitali ipendekeze sura, tena kwa tatizo lililotajwa. Kabla hujataja jina la kitabu, uliza mambo matatu: jambo gani la kazini linakusumbua wiki hii, utasomea wapi, kwa dakika ngapi. Ukiuliza tu "unapenda vitabu gani?" utajibiwa "vya kujiendeleza", na hujasogea hata hatua moja.

Vitabu hivi vingi vimeandikiwa watu wa ofisini Marekani, wenye meza na mlango wa kufunga. Wodini hakuna mlango huo. Chukua kanuni ya David Allen katika Getting Things Done (2001): jambo lisilozidi dakika 2 lifanye papo hapo. Kwa mhasibu ni ushauri mzuri. Lakini muuguzi anayevuta insulini kwenye bomba la sindano akiitikia kila jambo dogo linalomjia, atasahau alipofikia, na makosa ya dozi huzaliwa hapo. Kanuni hiyo mpe matroni anayeshughulika na barua na ratiba za zamu. Anayegawa dawa mwonyeshe sehemu nyingine ya kitabu hichohicho, ile ya kuandika kila jambo mahali pamoja badala ya kulibeba kichwani.

Atomic Habits cha James Clear (2018) huombwa sana. Toa sura ya 5, inayoeleza jinsi ya kuambatisha tabia mpya kwenye ile iliyokwisha zoeleka, na uihusishe na kusafisha mikono: "Nikifika miguuni pa kitanda, natakasa mikono kwanza, ndipo namsalimia mgonjwa." Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono, 40 hadi 60 kwa maji na sabuni. Mpango huu hufa pale chupa ya kitakasa inapokaa mlangoni, hatua kumi kutoka kitandani. Kwa hiyo ongeza sura ya 6, inayohusu mazingira, na hiyo asome msimamizi wa wodi, maana ndiye mwenye uwezo wa kuhamisha chupa.

Kama bajeti inaruhusu kitabu kimoja tu, nunua The Checklist Manifesto cha Atul Gawande (2009), nakala mbili. Daktari huyo wa upasuaji anasimulia jinsi orodha ya WHO ya ukaguzi wakati wa upasuaji, yenye vipengele 19, ilivyojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Msomaji wa Mwanza akikuta Ifakara kwenye orodha moja na London na Toronto, kitabu kinaacha kuwa cha wageni. Katika utafiti ule vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Mwambie pia kwamba utafiti wa Ontario, Kanada, uliotolewa mwaka 2014 na kuhusisha hospitali 101, haukuona punguzo la maana. Karatasi ya orodha inaweza kuwekewa alama zote za vyema bila mtu yeyote kuisoma kwa sauti. Mpendekezee sura ya jaribio lenyewe, kisha mwombe aangalie kama katika chumba chake cha upasuaji timu husimama kweli mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa.

Crucial Conversations, kitabu cha mazungumzo magumu, kinahitaji kutafsiriwa kimila. Kinafundisha uanze na ukweli, useme unavyouelewa, kisha umuulize mwenzako. Kwetu, kijana kumkosoa mkubwa mbele ya watu ni utovu wa adabu, na wengi hunyamaza kwa sababu hiyo. Bandika ndani ya jalada mfano wa Kiswahili: "Dokta, samahani. Paracetamol iliyoandikwa ni miligramu 500, na mtoto ana kilo 8. Naona kama imezidi. Unaionaje?" Heshima imebaki, na mtoto ameepuka dozi iliyozidi zaidi ya mara nne.

Kuna shida ya rafu pia. Maktaba inayotumia mpangilio wa NLM (Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani) huweka tiba kwenye W na QS hadi QZ, lakini vitabu vya kujiendeleza huangukia BF637, kona ambayo wauguzi hawapiti. Viweke kwenye rafu ndogo karibu na meza ya kuazimisha, kila kimoja na kadi: tatizo, kurasa, dakika, na mistari mitano ya muhtasari wa Kiswahili kwa maneno yako mwenyewe. Funika majalada kwa plastiki inayofutika.

Kwa wagonjwa kuwa mwangalifu zaidi. Kitabu kinachodai kwamba mawazo chanya huponya saratani usimpe mtu yeyote aliyelazwa. Ugonjwa ukizidi atajilaumu, au ataacha dawa.

Siku 14 za kuazima hazimtoshi mfanyakazi wa zamu, sembuse anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa meli. Weka 28. Na huyo wa Ukerewe usimpe cha Kimarekani tu. Aniceti Kitereza wa kisiwa hichohicho alimaliza riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni habari ya mume na mke wasiopata mtoto, masimango ya ukoo, na safari ya kutafuta tiba. Sijaona kitabu cha kazini kinachomwandaa vizuri hivyo muuguzi wa kliniki ya uzazi kumpokea mwanamke aliyekaa kwenye benchi akiogopa kuitwa. Mpe kurasa za mwanzo, pale Bugonoka anapochukuliwa na wazazi wake kurudi kwao.