Msiniambie Wafilipino hawajui huzuni

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la watu tuliowahi kufanya kazi Dubai, mtu kaleta kipande cha video. Mama mjamzito, tumbo la miezi minane hivi, anacheza muziki katikati ya mafuriko, maji yanamfika magotini. Ufilipino. Anacheka, watoto wanampigia makofi. Chini yake watu wakaanza: "Hawa watu hawana mawazo kabisa." "Mfilipino hata nyumba izame atacheka." "Wanawake wetu wajifunze hapa."

Huyo wa mwisho ndiye aliyeninyima usingizi.

Nimelala chumba kimoja na Wafilipino kwa miaka minne, watu sita, vitanda vya dabo deka. Nilikuwa kwenye udobi wa hoteli. Kitanda cha juu yangu alilala dada wa kisiwa cha Leyte, niliyemzidi miaka saba, kwa hiyo akaniita Ate, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao. Mumewe ni baharia. Mke yuko Ghuba, mume yuko baharini, na wanaonana mwezi mmoja kwa mwaka, ratiba zikikubali. Mtoto wao wa kwanza alilelewa na bibi yake, na kwenye simu alikuwa anamwita mama yake kwa jina. Kila akikata simu hiyo alikuwa anaimba. Tukasema chumbani, huyu ana moyo wa furaha.

Mwaka mmoja akarudi kutoka likizo na mimba. Akafanya kazi mpaka mwezi wa saba, kisha akaenda kwao kujifungua, na mshahara uliokuwa unalisha watu wanane ukakatika. Kila nilipompigia, jibu lilikuwa lile lile: "Okay lang, Ate." Niko sawa, dada. Na anacheka.

Mtoto alipofikisha miezi minne akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Akaniambia kwamba tangu mimba ina miezi mitano, pale pale chumbani kwetu, alikuwa anaingia bafuni, anafungua bomba hadi mwisho, analia chini ya sauti ya maji. Nilimkumbuka bafuni. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga mlango nikimwambia afanye haraka, basi la zamu linaondoka.

Nyumbani hali ikazidi. Mvua ikipiga bati usiku anaganda, kwa sababu nyumba yao ya zamani ilikwenda na Yolanda, kile kimbunga cha Novemba 8, 2013 kilichoua zaidi ya watu 6,000, wengi wao huko huko upande wa Leyte na Tacloban. Halali. Chakula hakipiti. Anawaza kwamba mtoto akizaliwa atakuja kumwita kwa jina naye. Familia ikasema ni paglilihi, mimba inamchezesha, wakamtafutia maembe mabichi na bagoong, ule uduvi wao wa kuchachusha. Mjomba akaning'iniza mkia wa samaki taa dirishani kumzuia aswang, kiumbe wanayeamini hutua juu ya paa usiku kufuata kilicho tumboni. Ndiyo, mkia wa taa, huo huo tunaoujua sisi watu wa pwani. Siidharau familia ile. Walijua kabisa kwamba mjamzito ni mtu wa kulindwa, wakamlinda kwa kitunguu saumu, kwa chumvi, kwa kila walichorithi. Ila macho yao yote yalikuwa juu ya paa.

Na kliniki alikwenda. Kila mwezi, kituo cha afya cha barangay, yaani cha mtaa wao, kadi mkononi. Akapimwa presha, akapimwa uzito, tumbo likapimwa kwa futi ya kamba, wakasikiliza mapigo ya mtoto, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Wote walikuwa watu wema, asema mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza analalaje, na kama anaona kesho ipo.

Hiyo ndiyo hasira yangu, na sitaipunguza. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100 wana tatizo la afya ya akili, sonona, ile huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, ikiwa mbele, na baada ya kujifungua wanafika karibu 20. Yanayoifanya sonona imkamate mjamzito yanajulikana miaka mingi: kuwahi kuugua kabla, mimba isiyopangwa, ugomvi na kipigo cha mume, ufukara, umri mdogo, mimba iliyopotea nyuma, maafa, na kukosa mtu wa kumwegemea. Yasomeni tena polepole. Mangapi ni udhaifu wa moyo wa mwanamke? Karibu yote yanamkuta kutoka nje. Yanatoka kwenye mfuko, kwenye ndoa, kwenye mkataba wa kazi unaompeleka mume upande mmoja wa dunia na mke upande mwingine. Halafu mtu anakaa kwenye sofa lake anasema wajifunze kucheka.

Kumsifu mtu kwa uvumilivu ni kumfunga mdomo. Nimeliona hili kwa macho. Kwao kuna neno hiya, ile haya ya kuwa mzigo, ya kuaibisha watu wa nyumbani. Anayelalamika huambiwa anajidekeza, au kwamba ni mawazo yake tu. Sasa mwanamke aliyekuzwa hivyo, ambaye dunia nzima inamwambia taifa lake ni la watu wa kutabasamu, hata chumba cha dobi Dubai kinamwambia hivyo, atafungulia wapi kinywa? Atafungua bomba. Tulipokuwa tunamsifu kwa kuimba kwake, tulikuwa tunamwambia asije akathubutu kuacha kuimba. Na mimi ndiye niliyesifu zaidi ya wote, kwa upendo kabisa, na upendo ule haukumsaidia kitu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba dini na familia vinabeba. Mwenyewe aliniambia kwamba zile alfajiri tisa za Simbang Gabi, misa zao za kuingojea Krismasi, kuanzia Desemba 16, alikwenda zote na tumbo lake la miezi minane, na saa ile ya misa ndiyo pekee aliyojiona mtu. Sitamnyang'anya hilo. Lakini misa inaisha kabla jua halijachomoza, na siku ndiyo kwanza inaanza.

Sheria wanazo. Mwaka 2018 walipitisha sheria ya afya ya akili, mwaka uliofuata wakaongeza likizo ya uzazi yenye malipo hadi siku 105, na anayeuza samaki kando ya barabara bila kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii hiyo likizo haimjui. Kipigo cha mume kina sheria yake tangu 2004, ila talaka haipo kwa asiye Mwislamu. Sheria ya uzazi wa mpango ya 2012 ilikwama mahakamani hadi 2014, na mpaka leo binti wa chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi kupata kinga, hata kama ameshazaa. Na aliyepata mimba Dubai bila cheti cha ndoa, Mfilipino au Mkenya au binti wa kwetu Tanga, mpaka sheria zilipoanza kubadilishwa 2020, mimba hiyo ilikuwa kesi ya jela. Huyo hata bomba la kulilia hakuwa nalo.

Mtu ataniambia madaktari wa akili hawatoshi. Kweli hawatoshi, Ufilipino wako chini ya mmoja kwa kila watu 100,000, na wengi wako mijini. Lakini kuuliza hakuhitaji daktari bingwa. Kuna dodoso la maswali kumi lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, linalotumika kwa wajawazito na waliojifungua, linauliza kuhusu siku saba zilizopita na halizidi dakika chache. Swali lake la kwanza kabisa ni kama bado unaweza kucheka. La mwisho ni kama umewahi kuwaza kujidhuru. Wanawake wangapi wangejibu la kwanza ndiyo mbele ya simu inayorekodi, na la mwisho ndiyo peke yao na mkunga?

Na baada ya kuuliza kuna la kufanya. Pakistani, kwenye vijiji vya Rawalpindi, wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida waliofundishwa siku chache, walikuwa wanawatembelea wajawazito wenye sonona nyumbani na kuzungumza nao kwa mpangilio. Matokeo yalichapishwa 2008: miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa 23 kati ya 100, kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo, 53. Wahudumu wa namna hiyo Ufilipino wamejaa, kila barangay, wanajua nani ana mimba kabla hata mume hajaambiwa. Wapeni maswali kumi na muda wa kukaa kwenye benchi. Sonona isiyotibiwa inahusishwa na watoto njiti na wenye uzito mdogo, niseme hivyo kwa wale ambao kwao mama peke yake si sababu ya kutosha.

Rafiki yangu aliulizwa hatimaye, siku aliyopeleka mtoto chanjo. Mkunga mgeni akamwuliza kama analala. Akajibu "okay lang." Yule mkunga akaweka kalamu chini, akanyamaza, akamsubiri. Foleni nje ilikuwa ndefu. Akalia mpaka mtoto akaamka, na kuanzia wiki ile akawa anarudi kuzungumza.

Sasa ana mimba ya tatu, mwezi wa tano. Mume yuko baharini tena. Nampigia kila Ijumaa, saa nne usiku kwao. Ijumaa iliyopita nilimwuliza nilivyojifunza kumwuliza, kisha nikanyamaza. Kimya kirefu, mvua nyuma yake kwenye bati. "Leo hapana, Ate," akasema. Nikavuta kiti.