Bibi wa Ranau na bibi wa Muheza

Mwaka wa nne huu niko Kota Kinabalu, jimbo la Sabah, ile sehemu ya Malaysia iliyo kisiwani Borneo. Kimalay hakikunipa shida. Wanasema kitab, dunia, waktu, na wakikusalimia ni "apa khabar". Nikajiona nimefika kwa binamu. Kumbe wenyeji wa huku, Wadusun, wana lugha yao, na hicho Kimalay ndicho kinachoimeza.

Mwenye nyumba wangu ni Mdusun wa Ranau, chini ya mlima Kinabalu. Mwisho wa Mei, sikukuu ya mavuno wanayoiita Kaamatan, hunichukua kwao. Safari hii mjukuu aliegemeza simu kwenye kopo la biskuti, bibi akaanza habari za Huminodun: njaa imeingia, Kinoingan muumba akamtoa binti yake wa pekee, mwili ukageuka chakula. Nyama mpunga, kichwa nazi, meno mahindi, vidole tangawizi. Hapo bibi akainua vya kwake, vimepinda kwa miaka ya shamba, na kweli ilikuwa tangawizi tupu. Watoto wakaangua kicheko. Mmoja akadakia: na magoti je? Viazi vikuu, akajibiwa, na goti la bibi likapigwa kofi kama ushahidi.

Siku ya pili klipu ikapanda mtandaoni. Dakika moja na nusu, muziki wa gongo kwa chini (ngoma za shaba, si ile mnayoifikiria), maandishi ya Kimalay. Watoto wamekatwa, na goti limekwenda nao.

Nikamlalamikia yule mjukuu. Akaniuliza, asiyejua Kidusun ataangaliaje? Ana hoja. Lugha yao inafundishwa shuleni tangu 1997 na redio ya serikali inaitangaza, lakini vijana wa mjini wakikutana huongea Kimalay. Bora klipu fupi kuliko kimya. Ila ile ndefu aihifadhi, na vicheko vyake, kwa sababu hadithi ilikuwa humo. Na rinait, zile nyimbo za ibada za bobohizan, makuhani wao wa kike wa jadi, binafsi ningeziacha kwa wenyewe. Si kitu cha kupachikwa kati ya matangazo ya sabuni na video za paka.

Sasa nije kwetu. Bibi yangu Muheza, kule Tanga, alitusimulia kwa Kibondei, wajukuu tukamjibu kwa Kiswahili. Mwisho akachoka, akahamia Kiswahili, na baadhi ya hadithi hazikuhama naye. Hakuna aliyemkataza. Tunajisifu kila tarehe 7 Julai kwamba Kiswahili kina siku yake duniani, nami hujisifu kwa sauti kubwa kuliko wote huku ugenini. Lakini Kimalay cha Muheza ni Kiswahili, na aliyekileta barazani kwa bibi ni mimi.

Juzi nikampigia shangazi, huku saa tatu usiku, kwao saa kumi jioni. Nikamwomba anirekodie hata moja, bando nitanunua mimi. Akasema hawezi kuisimulia simu, simu haiitikii. Atafute mtoto wa kukaa naye kwanza. Nikamwambia yupo mwanangu, likizo hii namleta.

"Kibondei anakijua?"

Nikamjibu atakuja kujifunza. Shangazi akacheka sana, kisha akaniuliza huko mvua zimenyesha.